Nzuri, Ila

Si zamani, na wala si mbali. Nchi ninayoisimulia ipo. Jina lake silitaji kwa sababu yenyewe inajijua, na sisi wakazi wake tumekatazwa kulitamka kwa sauti isiyokuwa ya furaha. Msomaji akitaka kuitafuta asihangaike na ramani. Atembee tu akiuliza njiani, "Habari za hapa?" Mahali atakapojibiwa "nzuri" na mtu aliyebeba jeneza begani, hapo ndipo.

Sisi ni watu wa adabu. Hilo hata wanaotuchukia wanalikubali. Kwetu mtu akiulizwa habari huku paa la nyumba yake linawaka, atajibu: "Nzuri, ila nyumba ndiyo hiyo inaungua." Mgonjwa akijuliwa hali kitandani atasema: "Nzuri, ila tangu juzi chakula hakipiti." Kila mtu anajua kwamba ile nzuri ya mwanzo ni kibaraza tu, habari yenyewe imekaa ndani, nyuma ya ila. Anayesikia nzuri akageuka kwenda zake, huyo amefika barazani akadhani ameiona nyumba.

Serikali yetu ilisikia nzuri, ikageuka kwenda zake.

*

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Fumbwe, Waziri wa Hali ya Wananchi, aliposimama bungeni kuwasilisha Sheria ya Kujuliana Hali.

"Mheshimiwa Spika," alisema, na sauti yake ilikuwa imepakwa asali mpaka nzi wakaanza kusogea, "kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikiwapangia wananchi mambo bila kuwauliza wanaendeleaje. Nasema hivi: aibu! Kuanzia leo, kila kunapokucha, Serikali itapiga hodi katika kila nyumba na kumjulia hali mwenye nyumba. Ni taifa gani jingine duniani linalosalimia watu wake? Nitajieni moja!"

Wabunge wakapiga meza. Mmoja, ambaye baadaye alihamishiwa kwenye kamati ya mbegu za mchicha, aliuliza: "Na mtu ambaye hali yake ni mbaya, Mheshimiwa?"

"Atasema mbaya! Nani amemziba mdomo? Hii ni nchi huru."

Mimi nakumbuka. Ndiyo kasoro yangu. Nakumbuka mwaka ule miti ya barabarani ilipopakwa chokaa kwa ajili ya ugeni, na mbuzi waliokuwa wamelala chini yake wakapakwa pia ili wasiharibu mstari. Nakumbuka daraja lililozinduliwa kabla mto haujapatikana. Lakini hili la kujuliana hali nililivulia kofia. Yale mengine yote yalitumia nguvu zao. Hili lilitumia adabu zetu.

Wakatufungia visanduku. Kila nyumba kimoja, ukutani, sebuleni, kimeunganishwa na balbu juu ya paa. Kwa jina la kiserikali kiliitwa Kipokezi cha Hali. Sisi tulikiita Bi Habari, na nitaeleza kwa nini.

Visanduku vya kwanza vilikuwa na sauti ya mwanamume, kavu, kama askari aliyekukamata bila taa ya baiskeli: "Eleza hali yako." Watu wakaeleza! Wazee walianzia siku waliyotahiriwa. Akina mama walieleza bei ya mkaa, mume, mawifi, na mtaro ule ulioahidiwa. Visanduku vilipata moto vikayeyuka ukutani. Taarifa ikapanda wizarani kwamba hali ya wananchi ni ya kutisha, na wizara, kwa kuwa ni sikivu, ikachukua hatua siku hiyohiyo. Ikabadilisha sauti.

Kisanduku kipya kiliwasikiliza watu wa nyumba kwa siku chache kikawajua. Kwa vijana na watu wazima kilizungumza kwa sauti ya bibi kizee, mwenye kikohozi kidogo, mwenye huruma: "Mwanangu, umeamkaje? Habari za nyumbani?" Kwa wazee kilizungumza kwa sauti ya mtoto mdogo: "Shikamoo, bibi. Habari za nyumbani?"

Haya, niambie. Ni nani aliyelelewa kwetu ambaye atafumbua macho asubuhi, aulizwe na bibi kizee anayekohoa, naye amjibu: "Mbaya"?

Na sheria, kifungu chake cha kwanza kabisa, kilisema: Jibu la kwanza ndilo jibu. Ukitamka nzuri tu, kisanduku kinalia tiki, kinazima masikio yake, na balbu ya paani inawaka kijani. Ila yako ukaimalizie na ukuta. Ukisema mbaya inawaka nyekundu, mtaa mzima unaiona, na kisanduku kinakuuliza maswali ya nyongeza: Mbaya kwa kulinganisha na nani? Umeshukuru kwa yaliyo mema? Jirani zako wanajua kwamba unalalamika?

Tena maji ya bomba la mtaa yakafungwa kwenye mfumo uleule. Mtaa wenye kijani kitupu unafunguliwa maji alfajiri. Mtaa wenye wekundu unasubiri uchunguzi. Hata wachumba wakaanza kuuliza kabla ya kuleta barua: "Huyo binti, kwao inawaka taa gani?"

Katika muda mfupi hali ya wananchi ikawa nzuri kuliko ya nchi yoyote tunayopakana nayo. Mheshimiwa Fumbwe alitangaza redioni kwamba umaskini umepungua kwa kubadilisha sauti ya kisanduku peke yake.

*

Mtaa wetu ulikuwa wa kwanza kuwa kijani kitupu, na sifa hiyo ni ya Bi Siwema.

Bi Siwema ni mama mtu mzima, mjane, nyumba yake ya tatu kutoka bombani. Sisi sote tulifundishwa kusalimia na yeye. Ukimpita bila shikamoo alikuita urudi mpaka kwenye kona, uanze upya kutembea. Amewarudisha kwenye kona watu wenye mvi. Alimrudisha hata mwenyekiti wa mtaa, siku aliyochaguliwa, na wapambe wake wote nyuma. Mwanawe wa pekee alikuwa machimboni, mbali, na nyumbani alikuwa akiishi na mkewe, Tunu, ambaye alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza.

Tunu alikuwa na mdomo. Akifika bombani kicheko kinaanza kabla hajatua ndoo. "Mama Sikujua," alimwambia jirani yetu muuza vitumbua, "vitumbua vyako leo vidogo mpaka nimemeza kimoja nikidhani ni dawa." Na Mama Sikujua alimjibu: "Meza na cha pili, labda kitakuponya huo mdomo."

Kwa ajili ya kijani chetu tuliletewa zawadi. Bwana Kaniki, Afisa Kujuliana Hali wa kata, alikuja na kikombe, ng'ombe, na barua. Ng'ombe tulimla. Kikombe kiko kwa mwenyekiti. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa mtaa huu haujaripoti ugonjwa wowote, Serikali inautua mzigo wa zahanati.

Nesi Mwatumu aliondoka kwenye gari la Serikali akilia. Tulidhani ni machozi ya kuagana, tukamwimbia. Alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Nawaacha na nani?" Sisi tukajibu kwa pamoja, "Nzuri, nzuri, safari njema!"

Zahanati ikageuzwa Nyumba ya Kumbukumbu ya Magonjwa, na Kaniki akapewa ufunguo awe mwongoza wageni. Sindano zikawekwa ndani ya kioo. Kitanda cha kujifungulia kikazungushiwa kamba nyekundu, na kibao: USIKALIE.

*

Tunu alianza kuumwa kichwa. Kila asubuhi kisanduku kilimuuliza Bi Siwema, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, "Shikamoo, bibi. Habari za nyumbani?" Naye alijibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Marahaba, mjukuu wangu. Nzuri, ila mkwe wangu kichwa kinamsumbua." Lakini ukishasema nzuri, tiki. Siku iliyofuata, ila miguu yake imevimba. Tiki. Siku iliyofuata, ila anaona vimulimuli machoni. Tiki. Alikuwa akiripoti kila siku, maskini. Akishamaliza kueleza alikuwa akikaa na kungoja nesi.

Nesi hakutokea, basi akamshika Tunu mkono wakaenda zahanati. Mimi na Mama Sikujua tuliwasindikiza.

"Karibuni, karibuni sana!" Kaniki aliinuka akafunga kifungo cha shati. "Mmetupa heshima. Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri. Za nyumbani?"

"Nzuri, ila mkwe wangu huyu kichwa kinampasua. Na hiyo miguu, hebu itazame."

Kaniki aliitazama. Mikanda ya kandambili ilikuwa imezama ndani ya nyama, haionekani. Alikohoa. Lakini alikuwa kazini, na mwajiriwa akiwa kazini hufanya kazi. "Upande wenu wa kushoto," alisema, "mnaona sindano. Hizi wazee wetu walichomwa enzi za magonjwa. Mbele kidogo..."

"Kaka Kaniki," Tunu alisema, ameshika ukuta. "Kile pale, chenye mpira. Ndicho Nesi Mwatumu alikuwa ananipimia."

"Kipimo cha presha. Ndiyo. Chombo cha thamani sana."

"Nipime."

"Dada yangu, hicho ni cha kihistoria."

"Basi nipime upesi," Tunu alisema, "maana na mimi nakaribia kuwa wa kihistoria. Mtaniweka kwenye kioo gani?"

Tukacheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mgonjwa alisema, na sisi wawili tuliomsindikiza tukacheka, na Kaniki akacheka.

Bi Siwema hakucheka. "Tumpeleke hospitali kuu."

"Hawatampokea, mama," Kaniki alisema, sauti imeshuka. "Pale getini kuna mashine. Inasoma kitambulisho, inaona nyumba yenu ni ya kijani, inampongeza kwa afya njema na geti halifunguki." Akatazama nje, akatazama ndani. "Lakini kuna kifungu. Mtaa ambao zaidi ya nusu ya nyumba zake zimesema mbaya, asubuhi moja tu, nesi anarudishwa siku hiyohiyo na vifaa vyake. Ni sheria. Gari lipo makao makuu, limefunikwa turubai, linasubiri kuitwa."

"Na wewe siku zote ulikuwa unajua?" niliuliza.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema, na nadhani aliona haya. "Mnapita hapa kila siku mnaniuliza habari. Nawaambia nzuri."

*

Jioni ile tulikutana bombani. Nilipindua ndoo nikapanda juu yake. Nilisema maneno makali ambayo sitayarudia, kwa sababu yanasomeka vizuri mno. Nilisema kwamba adabu isiyoweza kusema mbaya ni utumwa uliooga. Watu walinipigia makofi.

"Neno moja tu!" nilisema. "Kesho asubuhi. Mbaya! Nani hawezi kutamka neno moja?"

"Mbaya!" waliitikia.

"Tena!"

"Mbaya!"

"Mimi nitaisema mpaka kisanduku kidondoke," alisema Mama Sikujua.

Mzee Kibwana, mwenye binti wa kuolewa, aliinua mkono. "Ndugu zangu, mimi niko pamoja nanyi. Ila wakwe zangu wanakuja kesho kuona nyumba. Nusu inatosha, si ndiyo? Si lazima wote?"

"Nusu na zaidi kidogo," nilimwambia.

"Basi tuko wengi," alisema, akakaa ametulia.

Tunu alikuwa ameketi kwenye jiwe, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. "Jamani," alisema, "nawashukuru. Sijawahi kuitwa mbaya kwa pamoja na watu wanaonipenda namna hii." Tukacheka tena. Bi Siwema alisimama pembeni akijifundisha neno kwa midomo, bila sauti, kama mtoto anayekariri.

*

Kukapambazuka. Vile visanduku vikaamka vyote kwa pamoja, na ungeweza kusikia kutoka nyumba hadi nyumba yule bibi kizee anakohoa.

"Mwanangu, umeamkaje? Habari za nyumbani?"

Yaliyofuata nimeyakusanya baadaye, kipande kwa kipande, kwa watu ambao walikuwa wanatazama chini. Mzee Kibwana alikuwa na wakwe. Mama Sikujua alikuwa ameshakoroga unga na alihitaji maji, na aliona kwamba mtu mmoja hapunguzi kitu. Mwenyekiti alikuwa na kikombe. Mwingine aliogopa nyekundu yake kuwa peke yake, akaona asubiri kwanza ya jirani. Jirani naye alikuwa dirishani akisubiri ya kwake. Wengine hawakuwa na sababu yoyote. Waliulizwa habari na sauti ya mtu mzima, na kinywa kikaenda kilikozoea kwenda.

Bi Siwema alikuwa ameketi mbele ya kisanduku tangu kabla ya adhana, neno limeiva mdomoni.

"Shikamoo, bibi," kisanduku kikasema, kwa sauti ya mtoto mdogo sana. Asubuhi ile, alituambia, kilisikika kama mtoto ambaye hajazaliwa.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu. Na ukishasema marahaba, kinachofuata kinakuja chenyewe.

Kulipokucha kabisa spika ya mwenyekiti ikatangaza: "Wizara inaupongeza mtaa huu. Hali: nzuri. Nyumba zote, bila kubakisha hata moja."

Tulikuwa bombani, na maji yalikuwa yanatoka. Watu wakatazamana.

"Mimi nilisema mbaya!" alisema Mama Sikujua.

"Hata mimi!" alisema Mzee Kibwana. "Kwa nguvu!"

"Mashine hizi ni za uongo," alisema mwenyekiti.

Kila mtu aliapa kwamba alisema mbaya. Nami niliapa. Nyumba zote, bila kubakisha hata moja, ilisema spika. Na nyumba yangu ni ya pili kutoka bombani. Msomaji ni mtu wa adabu, hatanihoji zaidi.

*

Tunu alianguka kabla ya adhuhuri, uani, akisuuza chungu. Mwili ulikakamaa, ukaanza kutikisika, macho yakageuka juu. Wanawake walimbeba kwenye kanga mpaka zahanati, na Kaniki, aliyewaona wakija, hakufunga kifungo cha shati. Alivua kiatu akavunja kioo. Akang'oa kamba nyekundu kwenye kitanda. Akatoa kile kipimo, akakipangusa vioo, akakishika kwa mikono miwili, akatuuliza:

"Nani anajua kukitumia?"

Tulikuwa wengi mle ndani. Kila mmoja alimtazama mwenzake, kama tulivyotazamana asubuhi bombani.

Mtoto alizaliwa kwenye kile kitanda, chini ya kibao cha USIKALIE. Wa kike. Alilia. Mama yake hakumsikia. Saa ya alasiri tulikuwa tumeshatoka makaburini.

Jioni ilikuja salamu ya rambirambi kutoka wizarani, kupitia visanduku vyetu, kwa sauti ya yule bibi. Ilisema Serikali imepokea kwa mshangao taarifa kwamba mwananchi aliyekuwa mzima amefariki, na inawataka wafiwa wawe watulivu wakati takwimu zikirekebishwa.

*

Tulilala matanga kwa Bi Siwema, mikeka imejaa sebule na baraza. Alfajiri nilikuwa macho. Nadhani wote tulikuwa macho. Hakuna aliyekuwa anakoroma, na kwetu watu wengi vile hawalali bila mkoromo.

Bi Siwema alikuwa ameketi chini ya kisanduku, mtoto kifuani.

"Shikamoo, bibi. Habari za nyumbani?"

Sikumwombea aseme mbaya. Nilitamani asingeulizwa.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Nzuri."

Tiki. Kijani.

"Ila," alisema, na kisanduku kilikuwa kimeshazima masikio, "mkwe wangu ametutoka. Ila nilikuwa nimejifundisha lile neno usiku kucha. Ila huyu mtoto ananyonya kitambaa cha maziwa ya mbuzi. Ila mwanangu yuko machimboni, bado hajui, na akija ataniuliza mkewe yuko wapi, nami nitamjibu nini? Ila niliwalea watu wa mtaa huu wote kwa mikono hii." Kisha akauliza, polepole: "Kuna anayenisikia?"

Tulikuwa kwenye mikeka, wote, mkono kwa mkono, tukimsikia. Tulijifanya tumelala.

Nje, kwa kuwa mtaa wetu ulikuwa kijani, maji yakafunguliwa. Msiba unahitaji maji. Tukainuka mmoja mmoja, tukachukua ndoo, tukapanga foleni. Ilikuwa foleni yenye heshima sana. Kila aliyefika alimsalimia aliyemtangulia.

Kisha Bi Siwema akaja, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Tukampisha mpaka mbele kabisa. Mama Sikujua, aliyekuwa bombani, alipiga goti, kama alivyofundishwa na mama huyuhuyu alipokuwa mdogo.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

Bi Siwema alimtazama yeye, akatutazama sisi, mstari mzima, hadi wa mwisho.

"Mbaya," alisema.

Ndoo ya Mama Sikujua ilikuwa imejaa, maji yakamwagika yakatufikia miguuni, na hakuna aliyeinama kufunga bomba. Hatukujua jibu la neno lile ni nini. Hakuna aliyewahi kutufundisha. Mwalimu wetu wa salamu alikuwa ni yeye.